Fundi Ijumaa na Skuta ya Mkewe

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Fundi Ijumaa, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa ulimi wake. Ukimpelekea pikipiki Jumatatu, atakwambia njoo Ijumaa. Ukimpelekea Alhamisi jioni, njoo Ijumaa. Ukimpelekea Ijumaa yenyewe, atafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono, ataitazama pikipiki kama daktari anavyomtazama mgonjwa mkorofi, kisha atasema, "Njoo Ijumaa." Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa na mteja aliyenyolewa mara nne akisubiri Ijumaa moja.

Habari hii ya safari yake huisimulia mwenyewe, ameketi juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji, na hapendi mtu mwingine aisimulie. Wengine, anasema, humwonea huruma na kuruka sehemu mbaya. Nami sitaruka.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, sakafu nyeusi kwa oili, na ukuta mmoja wa mbao alioufanya daftari. Aliandika kwa chaki. Kwenye kona ya ndani, chini ya turubai, lilikaa Dume. Dume lilikuwa pikipiki kubwa ya zamani, tangi pana kama tumbo la tajiri, aliyoinunua ikiwa mifupa mitupu wakati binti yake wa pekee anaanza kutambaa. Alikusudia kuifufua kwa miezi sita. Binti alitambaa, akasimama, akaenda shule, akavunja ungo, akaenda chuo, na Dume bado lilikuwa chini ya turubai.

Si kwamba fundi hakujua kazi. Kazi aliijua vizuri mno. Shida ilikuwa huruma, au tuseme kutoweza kusema hapana, na hayo mawili ni kama watu wanaofanana sana ukiwaona kwa mbali. Mteja akija na pikipiki isiyopata kipuri, fundi alikuna kichwa, akalifunua turubai, akasema, "Chukua hii ya Dume kwa muda." Kisha akaandika ukutani: kabureta, mwalimu wa hesabu. Kebo ya klachi, muuza maziwa. Taa ya nyuma, yule mrefu. Kwa hiyo Dume lilikuwa likitembea mjini kila siku, ila vipande vipande.

Mdomo wake, hata hivyo, ulikuwa mzima. Kila aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi alijua jinsi Dume litakavyonguruma likiamka, litakavyopanda milima kwa gia ya nne, na jinsi fundi atakavyolipeleka hadi mwisho wa barabara. Na skuta? Skuta aliwaachia wengine. "Kitu chenye kikapu si chombo," alikuwa akisema. "Ni fanicha."

Maneno hayo aliyasema bila aibu, ilhali uani kwake kulikuwa na skuta. Ilikuwa ya mkewe, karani wa shule ya msingi, rangi ya waridi iliyokwisha kupauka, kikapu mbele, na ubavuni stika za vipepeo ambazo binti alizibandika akiwa darasa la pili. Kwa skuta hiyo mama alimpeleka mtoto shule miaka saba bila kukosa. Ilipoharibika mara ya kwanza, mumewe alisema yeye hagusi fanicha. Mama hakubishana. Aliisukuma hadi kwa fundi mwingine, akasimama juu ya kichwa chake akitazama kila anachofanya, na tangu siku hiyo akawa anaitengeneza mwenyewe uani, Jumamosi asubuhi, baada ya kufua.

Sasa binti alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi, kilomita mia nne na themanini kutoka nyumbani. Mahafali yake mengine mawili yalikuwa yametangulia: ya kumaliza sekondari, na ya kuvishwa kofia mwaka wa kwanza chuoni. Yote mawili baba alisema atakuja na Dume, na yote mawili hakuonekana.

Hapo pana siri, na mwenyewe huitoa sasa bila kulazimishwa. Fundi Ijumaa, mtu wa injini tangu ujana, hawezi kupanda basi. Basi likiwashwa tu, tumbo lake nalo huwashwa. Vidonge alishameza, akavitapika. Limau alishanusa, akalitapikia. Safari ya mahafali ya sekondari alipanda basi kweli, akashuka kilomita ya kumi na moja, akarudi kwa miguu, uso umemgeuka kijani kwa kichefuchefu, na mtaani akasema ameitwa kwenye kazi ya dharura. Mkewe peke yake ndiye aliyeosha shati.

Safari hii kadi ilisema hivi: ukumbi ni mdogo, kila mhitimu mgeni mmoja, na mgeni huyo ndiye atakayepanda jukwaani kumvisha mhitimu beji yake. Mama aliisoma kadi mara moja, akaiweka mbele ya mumewe juu ya meza, pembeni ya sahani ya ugali wake.

"Kiti ni kimoja," alisema. "Nimekuachia wewe."

"Kwa nini mimi? Wewe ndiye uliyezoea."

"Ndiyo, nimezoea. Nimekaa kwenye viti vyote vilivyotangulia, na kila mara kiti cha pembeni yangu nimekiwekea mkoba ili watu wasijue hakina mtu. Nimechoka kukiwekea mkoba."

Jioni ile binti alipiga simu. Baba akachukua simu akasimama wima, kana kwamba anaonekana.

"Baba, mama ameniambia unakuja wewe."

"Nakuja, mama. Nakuja na Dume. Utalisikia kabla hujaniona."

"Sawa, baba," binti alisema, kwa sauti ileile ya wateja wakiambiwa njoo Ijumaa. Na mahafali, kwa bahati ambayo kinyozi hakuchoka kuitaja, yalikuwa siku ya Ijumaa.

Fundi alielewa vizuri uzito wa jambo hilo. Asipofika, mtoto wake atapanda jukwaani peke yake mbele ya wazazi wa wenzake, na mama atakuwa amekosa bure. Safari hii hakuna wa kuweka mkoba. Kwa hiyo alianza kazi miezi mitatu mapema. Alizunguka mjini na orodha ya ukutani akidai viungo vya Dume kimoja kimoja. Mwalimu alirudisha kabureta huku akisononeka. Yule mrefu alirudisha taa, na tangu hapo akawa hatembei baada ya magharibi. Jumanne jioni, wiki yenyewe ya mahafali, Dume liliwaka. Lilinguruma hivyo hivyo kama alivyokuwa akisimulia, mabati yakatetemeka, kinyozi akatoka na wembe mkononi. Fundi alilizima haraka, macho yamemlowa, akasema ni moshi.

Jumatano mchana akaja mkunga wa zahanati, anaisukuma pikipiki yake, jasho linamtiririka. Kuna mama amekabwa na uchungu ng'ambo ya mto, alisema, na hii imekufa njiani. Fundi aliifungua. Koili, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, ilikuwa imeungua.

Alilitazama Dume. Alimtazama mkunga. Alijua kabisa kitakachotoka mdomoni mwake, na alijaribu kukizuia, anasema, kama mtu anavyozuia chafya.

"Chukua hii ya Dume kwa muda."

"Jioni nakurudishia, fundi. Jioni hii hii."

Akaandika ukutani: koili, mkunga, hadi jioni. Lakini watoto walikuwa mapacha, na wa pili alikaa mkao mbaya, na mvua ikanyesha, na kivuko kikafungwa hadi keshokutwa yake. Mapacha walizaliwa salama. Fundi anawafurahia sana, ila anasema wangeweza kuchagua siku.

Jioni ile ya Jumatano, koili haijarudi, fundi alikwenda nyumbani akaketi bila kuvua viatu. Mkewe alikuwa ameshasikia. Mtaani habari haipigi hodi. Aliweka ufunguo mezani.

"Wa nini huo?"

"Wa kitu kinachowaka."

Fundi aliutazama. Ulikuwa na kishikizo cha kiatu kidogo cha plastiki. "Mama, mimi niendeshe kitu chenye kikapu kilomita mia nne na themanini? Watu watasema nini?"

"Watasema umefika."

Alfajiri ya Alhamisi aliisukuma skuta kimya kimya hadi barabarani ili mtaa usiamke. Mtaa ulikuwa umeamka. Kinyozi alikuwa anafagia mbele ya duka lake saa ambayo katika maisha yake hajawahi kufagia.

"Fundi, unaipeleka wapi skuta ya shemeji?"

"Naijaribu tu. Breki."

"Na hilo begi la mgongoni?"

"Uzito. Breki hujaribiwa na uzito."

"Na kofia ngumu, na miwani, na suti kwenye mfuko wa nailoni?"

"Wewe fagia," alisema Fundi Ijumaa, akaondoka kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, ambao si mwendo mzuri wa kukatia maneno, kwa sababu unaendelea kumsikia mtu akicheka kwa muda mrefu.

Begi lile lilikuwa zito kweli. Mtu wa pikipiki hasafiri bila vifaa, na yeye alikuwa amevipanga tangu wiki iliyopita: spana kubwa kubwa, nyundo, koleo, na mnyororo mpya wa akiba uliofungwa kwa karatasi. Yote hayo aliyachukua kama yalivyokuwa. Ya Dume. Ya skuta hakuwa na habari nayo, maana fanicha haihitaji spana.

Kwenye skuta mtu hukaa magoti yamebanana, mgongo wima, kama aliye kwenye benchi la ofisi akisubiri kuitwa. Fundi alikaa hivyo kwa saa tatu nzima. Magari yalimpita, sawa. Pikipiki zilimpita, sawa. Kwenye mlima wa kwanza wa haja, skuta ikashuka hadi kilomita kumi na tano, ikawa inalia kwa sauti nyembamba ya malalamiko, na nyuma yake likaja lori limebeba saruji likijivuta. Lilipompita, aliona kijana wa baiskeli ameshika mkia wa lori kwa mkono mmoja, magunia mawili ya mkaa nyuma yake, hapigi hata pedali.

"Shikamoo mzee," alisema kijana, kwa adabu zote, akapita.

Alitaka kuitikia marahaba, mdomo ukajaa moshi. Kupitwa na baiskeli alikuwa tayari kusamehe. Ila shikamoo ilimkaa rohoni hadi mlima wa pili.

Saa saba mchana alisimama kituo cha mafuta. Hapo walikuwa wamesimama watu watano wenye pikipiki kubwa, makoti ya ngozi, buti hadi magotini. Fundi aliziona, na kilichofuata hakukipanga, anasema. Miguu ndiyo iliyopanga. Aliiegesha skuta nyuma ya pampu ya upepo, akakifunika kikapu kwa koti lake, akaenda kusimama karibu nao mikono nyuma kama mkaguzi.

Moja kati ya zile pikipiki ilikuwa inanguruma, na ndani ya ngurumo hiyo alisikia kitu. "Valvu zako zimelegea," alimwambia mwenye pikipiki. "Za silinda ya kushoto. Ukienda hivyo hutafika mbali."

Walimtazama. Walizima injini, wakamkabidhi spana, na kwa dakika ishirini Fundi Ijumaa alikuwa bwana wa dunia. Alirekebisha valvu akieleza kila hatua, akaeleza habari za Dume, akalieleza kwa wakati uliopo, linanguruma, linapanda, linameza barabara. Wakaanza kumwita mkuu. Wakamnunulia soda.

"Na lenyewe liko wapi, mkuu? Tungependa kuliona."

"Lipo," alisema. "Nyuma kule."

Basi wao wakakaa wakisubiri aondoke ili waone Dume, naye akakaa akisubiri waondoke ili wasione skuta. Soda ya pili ikaja. Jua likasogea. Alijua saa inakwenda, alijua njia bado, na akakaa, akieleza mambo ya gia ambayo wengine walikuwa tayari wanayajua. Saa moja na dakika hamsini zilipita hivyo. Kisha dada wa pampu, aliyekuwa na lori linalotaka upepo, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini:

"Mzee wa skuta, hebu isogeze."

Wote watano wakageuka kumtafuta mzee wa skuta. Fundi naye akavaa miwani ya mbao, akageuka kumtafuta. Dada akaja hadi pale akamgusa bega. "Mzee, si wewe uliyekuja nayo? Koti lako hili hapa kwenye kikapu."

Wangecheka ingekuwa nafuu. Hawakucheka. Mmoja alimbebea begi hadi kwenye skuta. Mkubwa wao aliwatazama vipepeo, akauliza anakwenda wapi, akaambiwa.

"Kwa hii?"

"Kwa hii."

Mtu yule alivua glavu akampa mkono. Fundi aliona anadhihakiwa, akauchukua mkono huo huku anatazama chini. Baadaye barabarani walimpita mmoja mmoja, na kila mmoja kwa heshima alipiga honi. Honi tano alizihesabu.

Kwa sababu ya soda mbili na ulimi mmoja, hakufika mji wa darajani alikopanga kulala. Alilala nyumba ya wageni kilomita themanini kabla yake, na mkewe alipopiga simu jioni akamwambia ameshavuka daraja, anaoga tu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Hawakuwahi kuisafiri kwa skuta.

Alitoka saa kumi na moja alfajiri. Saa moja, jua limechomoza vizuri, skuta ikapiga kelele kidogo, injini ikaendelea kulia kwa furaha lakini gurudumu halikuwa na habari. Akaisukuma kando. Alifungua kifuniko cha ubavuni akakuta mkanda unaozungusha gurudumu umekatika, umelala kama ulimi. Akatua begi lake zito, akalifungua, akatoa mnyororo mpya. Akasimama katikati ya mashamba ya alizeti na mnyororo mkononi, mbele ya chombo ambacho tangu kitengenezwe hakijawahi kuwa na mnyororo.

Mganga hajigangi, lakini yeye hata dawa alibeba ya mgonjwa mwingine. Alikaa chini akapiga simu nyumbani.

"Mkanda umekatika," alisema.

"Umefungua chini ya kiti?"

"Chini ya kiti kuna nini?"

Mkewe akauliza taratibu, "Mzee, wewe ni fundi mwaka wa ngapi huu?"

"Wa ishirini na sita."

"Fungua chini ya kiti."

Kiti kilifunguka kwa ufunguo uleule. Hilo hakulijua. Ndani, ndani ya kitambaa cha jikoni, kulikuwa na mkanda mpya, plagi, spana mbili ndogo za saizi inayotakiwa, na karatasi ya daftari la shule iliyoandikwa kwa mwandiko safi wa karani: Kubadilisha mkanda, hatua sita.

"Uko wapi hasa?" aliuliza mkewe.

"Bado kilomita mia moja na kumi."

"Jana ulivuka daraja."

"Daraja naliona mbele hapo, mama. Jana nilikudanganya."

"Saa nne wanafunga milango," alisema mkewe, akakata simu asimpotezee muda.

Fundi Ijumaa aliifuata karatasi. Hakuwa na njia nyingine. Vidole vyake vilizoea vitu vikubwa, na vitu vya skuta vilikuwa vidogo na vina kinyongo. Hatua ya nne iliandikwa: Usitumie nguvu. Chini yake palipigwa mstari. Alitumia nguvu, nati ikaruka kwenye alizeti, akaitafuta kwa magoti dakika ishirini, akarudi akaisoma tena hatua ya nne. Ndipo ilipomjia picha ya mkewe uani Jumamosi asubuhi, akijifunza hayo peke yake kwa kukosea, na mume aliye fundi amekaa ndani anakunywa chai. Miaka yote hiyo. Alikuwa ameogopa kuonekana na skuta tangu jana, na kumbe aibu yenyewe ilikuwa hii. Alilia kidogo, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Saa mbili skuta iliwaka. Aliikimbiza kwa nguvu zake zote, ambazo ni kilomita hamsini kwa saa.

Alifika chuoni saa nne na dakika kumi na mbili. Na hapo, baada ya yote hayo, baada ya kulia kwenye alizeti, unadhani alifanya nini? Aliona wazazi wamesimama bustanini kwa nguo zao nzuri, aliona wapiga picha, aliona magari yamepangwa, akakata kona akaificha skuta nyuma ya tangi la maji. Sikio la kufa halisikii dawa. Alivaa koti la suti juu ya vumbi, akaning'iniza kofia ngumu mkononi mahali pa kuonekana, akatembea hadi mlangoni kama mtu aliyeshuka kwenye Dume.

Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa. Mlinzi, mtu wa makamo mwenye karatasi kwenye ubao, alikaa mbele yake kwenye kiti.

"Pamefungwa, mzee."

"Mwanangu yumo ndani. Kadi hii hapa."

Mlinzi aliichukua kadi, akapitisha kidole kwenye orodha, kidole kikasimama. "Huyu ameacha maelezo," alisema, akasoma polepole. "'Baba yangu atachelewa. Naomba afunguliwe. Atakuja na skuta ya rangi ya waridi yenye vipepeo.'" Aliinua macho, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Skuta iko wapi?"

"Mimi ndiye baba yake."

"Sijakataa. Lakini asubuhi hii wamenijia akina baba watatu waliochelewa, wote ni baba, na wote nimewarudisha. Mkuu wa chuo ameruhusu mmoja tu, kwa sababu binti alikwenda kumwomba ofisini. Huyo mmoja ana skuta. Wewe naona umekuja kwa miguu."

Ndani majina yalikuwa yanasomwa. Jina, makofi, jina, makofi. Fundi alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari, na ulikuwa mzuri: skuta imeibwa njiani, imekamatwa, imeungua. Aliufunga mdomo.

"Nimeificha," alisema. "Nyuma ya tangi la maji."

"Kwa nini?"

"Kwa ujinga tu, ndugu yangu."

"Basi ilete," alisema mlinzi.

Alikimbia. Koti lilipeperuka, kofia ikampiga magotini. Skuta ilikataa kuwaka mara mbili, ikakubali ya tatu, na Fundi Ijumaa akapita nayo katikati ya bustani ya chuo, mbele ya wazazi, mbele ya wapiga picha, akipiga kile kihoni chenye sauti ya kifaranga ili watu wapishe. Kwenye madirisha ya ukumbi nyuso zikageuka, safu nzima za kofia nyeupe. Aliiegesha kwenye ngazi kabisa, kikapu kikagusa mlango. Mlinzi aliwaangalia vipepeo, akakipitisha kidole kwenye maandishi yake tena, kwa utaratibu, kisha akafungua.

Kiti chake kilikuwa safu ya tatu, na juu yake paliwekwa mkoba. Ulikuwa wa binti. Aliuinua akaketi, akaupakata mapajani kwa mikono miwili. Hakuwa ametulia vizuri jina la mwanawe lilipoitwa.

Alipanda jukwaani na mkoba begani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia auache. Uso wake wote ulikuwa vumbi jekundu isipokuwa maduara mawili safi ya miwani. Vidole vilikuwa vyeusi kwa mkanda. Binti alisimama wima katika sare yake mpya, akamwona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Umechelewa."

"Kidogo."

Mkuu wa chuo alimpa beji. Ilikuwa ndogo, na pini yake ndogo zaidi. Hatua ya nne, Fundi alijiambia. Usitumie nguvu. Ilipenya kitambaa, ikakaa sawa. Aliacha alama ya kidole cheusi kwenye sare nyeupe, naye binti hakuifuta.

"Ulijuaje nitakuja na skuta?" alimnong'oneza.

"Mama alinipigia Jumatano. Nikajua safari hii utafika." Binti alimtazama. "Mlinzi hakukusomea mstari wa chini?"

"Upi?"

"Niliandika, akija mtu na pikipiki kubwa akisema yeye ni baba yangu, asimfungulie. Huyo ni mwongo."

Kipaza sauti kilikuwa mbele yao, na kilikuwa kimewashwa. Ukumbi mzima ulicheka. Fundi Ijumaa anasema yeye ndiye aliyeanza.